Mjadala: Jumba la maduka likiandaa tamasha la hisani, fedha zitoke mfukoni mwa nani?

Mleta mada

Wadau, habari zenu. Naleta hoja ambayo wengi wetu tunaipita kila tukienda kununua vitu. Jumba la maduka linatangaza wiki ya hisani: jukwaa katikati ya ukumbi, wasanii, michezo ya watoto, bahati nasibu kwa kila risiti, na bango kubwa lenye maneno "sehemu ya mapato itakwenda kwa wenye uhitaji". Wiki ikiisha tunaonyeshwa picha ya hundi ya mfano inayowafunika hadi walioishika. Sehemu gani? Mapato ya nani? Hakuna anayesema.

Nautanguliza msimamo wangu ili mjue mnabishana na nini. Promosheni hizi ziendelee, lakini jumba litaje kiasi kabla ya siku ya kwanza, na kiasi hicho kitoke kwa mwenye jumba, si kwa mnunuzi wala kwa mpangaji. Pasipo hayo mawili, hilo ni tangazo la biashara lililoazima sura za watu wenye shida.

Kwa nini mwenye jumba? Fuatilieni fedha zinakotoka na zinakoishia. Mpangaji kwenye majumba kama haya kwa kawaida hulipa kodi ya pango, ada ya huduma, na mara nyingi mchango wa mfuko wa matangazo. Jukwaa, vipaza sauti na wasanii hulipiwa na mfuko huo. Halafu mikataba mingi ina kipengele cha kodi inayofuata mauzo: duka likivuka kiwango kilichowekwa, mwenye jumba anachukua asilimia juu ya ile kodi ya kawaida. Kwa hiyo watu wakifurika siku ya hisani, anapata sifa na anapata kodi zaidi, kwa shughuli iliyolipiwa na wengine. Nani alitoa sadaka hapo?

Mtindo wa kufunga mauzo na hisani una mfano maarufu. Mwaka 1983 American Express, kampuni ya kadi za malipo, iliahidi senti 1 kila kadi inapotumika na dola 1 kwa kila kadi mpya, fedha zisaidie kukarabati Sanamu ya Uhuru kule New York. Zilipatikana dola milioni 1.7, na matangazo ya kampeni yenyewe yaligharimu zaidi ya hapo. Unaweza kuwalaumu kwa hilo, nami nawalaumu. Ila walitaja: senti 1, dola 1. Mteja alijua anashiriki nini. Mabango ya leo hayafiki hata hapo.

Karibuni.

Mwenye duka

Mkuu, umeyasema ya moyoni mwangu. Nina duka la viatu ghorofa ya juu, kwenye jumba ambalo sitalitaja. Siku ya tamasha chini hakupitiki, vibanda vya vyakula vinauza, duka kubwa la mlangoni linauza. Juu kwangu wanapanda wanaotafuta choo. Mwaka jana jukwaa liliwekwa mbele kabisa ya duka la jirani yangu, mlango wake haukuonekana tangu asubuhi mpaka jioni, na mwisho wa mwezi alilipa mchango wa matangazo kama sisi wote.

Sikatai kusaidia. Nakataa kusaidishwa bila kuulizwa, halafu jina langu halimo hata kwenye shukrani.

Mwandaaji wa matamasha

Ndugu zangu, mimi nipo upande wa pili wa meza, kazi yangu ni kubuni shughuli hizi. Naomba msikilize kidogo.

Shirika dogo la hisani haliwezi kukodi ukumbi, kulipa walinzi na umeme, na kuvuta maelfu ya watu kwa siku moja. Jumba linavyo vyote hivyo. Mkilibana, litaweka onyesho la magari pale katikati na hakuna yatima atakayepata hata daftari. Na msidhani kila ubunifu ni hila. Mwaka 1979, Charles na Shirley White wa Salvation Army (Jeshi la Wokovu, kanisa linalosaidia maskini) walishirikiana na jumba la maduka huko Lynchburg, Virginia, kuandika mahitaji ya watoto kwenye kadi zenye picha za malaika na kuzitundika kwenye mti. Mnunuzi anachukua kadi, ananunua nguo au mwanasesere, anarudisha. Ndiyo Angel Tree, iliyokwisha kuenea mbali sana na jumba lile. Kuna pia Canstruction, iliyoanza mwaka 1992: wasanifu majengo na wahandisi wanajenga sanamu kubwa kwa makopo ya chakula, mara nyingi ndani ya majumba ya maduka, watu wanakuja kuzishangaa, kisha makopo yote yanapelekwa kwa wanaogawa chakula. Hayo nayo mtayaita kuazima sura za maskini?

Mleta mada

Hapana, na nakushukuru kwa mifano hiyo, kwa sababu inanibeba mimi. Kwenye Angel Tree mtoaji anajua anatoa nini na kwa mtoto wa umri gani, na mtoto hapandishwi jukwaani. Kwenye Canstruction kila kopo linaonekana kwa macho; likiingia kwenye sanamu, linatoka kwenda kwa mwenye njaa. Hakuna mahali pa kuficha neno "sehemu".

Huo ndio ubunifu ninaoutaka. Tatizo langu ni promosheni ambayo ukiiondolea wale wenye uhitaji inabaki ileile: wasanii walewale, bahati nasibu ileile, punguzo lilelile.

Mchangiaji mwingine

Mnachosha. Mimi keshia akiniuliza kama chenji yangu iende kwa watoto nasema ndiyo, naondoka na amani. Kwani kuna ubaya gani?

Mleta mada

Hakuna ubaya, dada, na moyo wako nauheshimu. Tena niseme jambo moja la haki kwa maduka: kuna uvumi kwamba chenji hizo zinawapunguzia kodi ya serikali. Marekani, ambako mtindo huu umeshamiri, si kweli. Duka linapokea kama mpitishaji tu, na nafuu ya kodi, kama ipo, ni ya mteja aliyetoa. Ninachoomba ni kwamba aliyetoa chenji atajwe kuwa ndiye mtoaji. Hundi ya mfano iandikwe "kutoka kwa wateja".

Mfanyakazi wa kituo cha watoto

Nimesita kuandika, ila acha niseme. Sisi ndio tunaopokea.

Tamasha moja tuliombwa kuleta watoto saa tatu asubuhi. Mgeni rasmi alifika saa nane. Watoto walikaa wamevaa fulana zenye nembo ya jumba, wakapigwa picha na kila aliyetaka, na mmoja wao alitambuliwa na wanafunzi wenzake waliokuja kununua vitu na wazazi wao. Alichoambiwa shuleni wiki iliyofuata sitakiandika hapa. Vitu tulivyopewa vilikuwa vizuri, sikatai. Lakini tangu siku ile siwapeleki.

Kama mnataka kutusaidia, njooni na mtu mmoja, bila kamera, mwezi ambao si wa sikukuu. Mwisho wa mwaka stoo inajaa biskuti na midoli. Katikati ya mwaka tunahangaika na sabuni na ada za shule. Jumba likitenga kiasi kidogo kila mwezi kwa miaka miwili, nitaweza kupanga. Tamasha halipangiki. Na zipo shughuli zinazofaa sana ukumbi ule: kuchangia damu, kupima macho na shinikizo la damu. Anayefaidika ni yeyote anayepita, hakuna anayeonyeshwa kwa watu.

Mchangiaji mwingine

Mimi naongeza swali moja. Nani anachagua wa kusaidiwa? Jumba linaonekana kama uwanja wa umma, lakini lina mwenyewe. Marekani walilifikisha Mahakama ya Juu kabisa ya nchi. Mwaka 1972, kesi ya Lloyd dhidi ya Tanner, mahakama ilisema mwenye jumba anaweza kuwazuia wagawaji vipeperushi. Mwaka 1980, kesi ya Pruneyard, ikasema jimbo linaweza kuwapa raia haki pana zaidi za kujieleza ndani ya majumba hayo. Hata Salvation Army, ambao vyungu vyao vya michango vilianza San Francisco mwaka 1891, mwaka 2004 walifungiwa milango na maduka ya Target.

Kwa hiyo watoto wazuri wa picha wataingia daima. Waliotoka gerezani, wagonjwa wa akili, walevi wanaojitibu, nani atawawekea jukwaa?

Mwandaaji wa matamasha

Dada wa kituo cha watoto, pole. Hilo la kamera nalichukua, na la saa tatu mpaka saa nane halina utetezi.

Lakini mleta mada, sheria ya kutaja kiasi itawakimbiza wenye majumba. Mauzo hayatabiriki.

Mleta mada

Uingereza wana sharti hilo tangu Sheria ya Mashirika ya Hisani ya mwaka 1992: mfanyabiashara anayesema mauzo yake yatanufaisha hisani lazima awe na mkataba wa maandishi na shirika husika, na aeleze hisani itapata nini. Majumba yao hayajaacha kufanya shughuli za hisani. Kama mauzo hayatabiriki, taja kiwango cha chini. Yakizidi, ongeza. Yakipungua, lipa ulichoahidi, kwa sababu kituo cha watoto hakikuwa na mkono katika kupanga tamasha lako.

Mwandaaji wa matamasha

Kiwango cha chini nakikubali. Kwamba chote kitoke kwa mwenye jumba, hapana. Nusu yake, nusu mfuko wa matangazo. Hapo naweza kwenda kumshawishi.

Mwenye duka

Kabla hamjagawana nusu kwa nusu, mfuko huo tunachangia sisi. Nimeulizia hesabu zake mara nyingi, kila mara naambiwa zinaandaliwa. Zikitoka, tuzione, tupige kura ni nani asaidiwe, hapo mtanihesabu.