Mandreli, bushi, Lee Collet au ekspanda ya kawaida: ipi inakupa mbano wa shingo unaofanana?

Mlengaji_Houston
Wakuu heshima zenu. Najaza risasi zangu mwenyewe za .308 Winchester huku Texas, kazi yake ni kulenga shabaha yadi 600 tu. Kinachonisumbua ni mbano wa shingo, yaani jinsi mdomo wa ganda unavyokishika kichwa cha risasi, haufanani, nikikandamiza kichwa cha risasi ganda moja linaingia laini, linalofuata mkono unahisi kabisa limekaza, na kwenye karatasi zinapanda na kushuka hata siku ambayo upepo umetulia. Baruti napima kwa mzani mzuri. Kalibu ninayotumia kurudisha ganda kwenye umbo lake ni ya kawaida ya kubana ganda zima, ina ekspanda yake ndani, kile kitufe cha kutanua shingo. Sasa hela ipo ya kifaa kimoja, ninunue kipi kati ya bushi (pete inayobana shingo kwa nje), mandreli (kijiti cha chuma kinachotanua shingo kwa ndani) na Lee Collet (kalibu ya kubana shingo tu)? Aliyetumia zaidi ya kimoja anisaidie.

FundiShaba
Mkuu hiyo kalibu ya kawaida inabana shingo kupita kiasi makusudi, ili hata ganda lenye ukuta mwembamba libanike, halafu ukirudisha mkono wa presi ekspanda inapita ndani kuitanua tena. Shaba inateswa mara mbili. Na ndani ya shingo pakiwa pakavu utasikia inalia, hapo ndo shingo inavutwa na kwenda upande.

Bushi inabana kutoka nje mara moja basi. Pima kwa maikromita kipenyo cha shingo ya risasi iliyokamilika, toa inchi 0.002, hiyo ndo bushi yako. Mfano ukuta ni 0.014 kila upande, jumlisha na kichwa 0.308 unapata 0.336, unachukua bushi ya 0.334. Kampuni ya Redding wanazo zinazopishana 0.001, kwahiyo unaweza kukaza au kulegeza utakavyo. Mimi sitoki kwenye bushi.

Dada_Calgary
Kaka FundiShaba hesabu yako haina shida, ila bushi inasukuma kasoro za ukuta kwenda ndani, na ndani ndiko kichwa kinakokaa. Shingo ikiwa na 0.013 upande huu na 0.015 upande ule, nje utapata duara safi, ndani hapana. Mandreli inafanya kinyume, kasoro zote zinaenda nje. Kwa .308 unachukua ya 0.306, shaba itarudi kidogo baada ya kupita na unabaki na mbano wa kama 0.002 au zaidi kidogo. Kama huchongi shingo, yaani hukwangui ukuta wake uwe unene mmoja, chukua mandreli. Tena kalibu yako unabaki nayo, unatoa ekspanda tu, ila angalia kwa nyingi pini ya kutolea fataki (kiwashio cha kitakoni) inatoka pamoja nayo, kwahiyo fataki uwe umeshazitoa kabla.

Kijana_Dakota
Naitetea Lee Collet maana ni rahisi bei, haitaki mafuta, na inabana shingo dhidi ya chuma kilichopo ndani kwahiyo shingo inatoka imenyooka sana. Shida yake hairudishi nyuma bega, pale ganda linapopungua kuwa shingo. Ukipiga ganda hilohilo mara kadhaa bolti ya bunduki inaanza kuwa ngumu kufunga, utahitaji kalibu nyingine ya mwili. Kwa hela ya kifaa kimoja hapo inategemea.

Mzee_wa_Shabaha
Vijana mmeshindana vifaa vizuri lakini ganda lenyewe hakuna aliyeuliza habari zake. Mlengaji, maganda ni ya kampuni moja? Yamepigwa idadi sawa? Unasafishaje?

Shaba ya maganda ni kopa 70% na zinki 30%, kila ikitanuka na kubanwa inakuwa ngumu. Ganda lililopigwa mara moja na lililopigwa mara sita yakipita kwenye mandreli hiyohiyo yanarudi tofauti, utalaumu kifaa bure. Dawa yake ni kupasha shingo moto, iwe kwa mashine ya umeme kama AMP ya New Zealand au kwa moto wa gesi kwa muda uleule kila ganda. Moto uishie shingoni na begani. Kitako kisilainike kabisa, ndicho kinachobeba presha, kikilainika unahatarisha macho yako na bunduki.

Mlengaji_Houston
Mzee shikamoo. Kampuni mbili, na nasafisha kwa maji na pini ndogo za chuma, ndani yanang'aa kabisa.

Mzee_wa_Shabaha
Marahaba. Basi huko kung'aa ndiko kunakokukamata. Masizi kidogo yanayobaki shingoni yanasaidia kichwa kuteleza, ukiyatoa yote shaba tupu inang'ang'ania kichwa, ganda hili zaidi ya lile. Tenganisha kampuni kwanza, ukuta wa shingo haulingani. Halafu kronografu, kile kipima spidi ya risasi, usiamini risasi 5, piga angalau 20 ndo usome mtawanyiko wa spidi.

FundiShaba
Hapo kwenye masizi nakubaliana na Mzee. Bushi yangu inafanya vizuri kwa sababu shingo nachonga, asiyechonga amsikilize Dada.

Mlengaji_Houston
Nimeagiza mandreli ya 0.306. Swali la mwisho, poda ya grafaiti naweka kabla ya mandreli au wakati wa kukandamiza kichwa?

Dada_Calgary
Kabla ya mandreli. Chovya brashi ya nailoni, pitisha mara moja ndani ya shingo, gonga ganda poda iliyozidi idondoke, na usifute tena, hiyohiyo itatumika wakati kichwa kinaingia.