Daftari la kambo: nisome nini siku ya kuondoa matanga?

Mtoto_wa_Katuba:
Jambo ndugu zangu. Naandika nikiwa jikoni kwa kambo, hapa Katuba, Lubumbashi. Kwa mlio mbali, kambo ndiye mnayemwita bibi au nyanya. Huku mwanaume akisema "bibi yangu amefariki" atapewa pole ya kufiwa na mke.

Alituacha wiki tatu zilizopita. Jumamosi tunaondoa matanga na wazee wameamua mimi ndiye niseme maisha yake, eti kwa sababu nimesoma. Baba mkubwa kanipa karatasi ikiwa tayari: alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, watoto tisa, mama wa kikundi cha kanisa. Yote kweli, ila ukiisoma kambo humwoni.

Kambo aliuza unga barazani kwa meka, kile chombo cha kupimia. Anajaza, anasawazisha kwa kiganja, anamimina, kisha anatia konzi moja juu: "Hii ya watoto." Kama huna watoto unapewa vilevile.

Chini ya kitanda nimekuta daftari lake la miaka ya tisini, pembe zimeliwa na panya. Waliokopa wote wamo. "Mama Mapacha, meka 2." "Fundi baiskeli, meka 1, mke kazaa." "Mwalimu, meka 3, mshahara bado." Hakuna bei hata moja. Wengine kawakata kwa mstari, wengine kawawekea msalaba mdogo.

Sasa shida: baba mkubwa kaliona. Anataka nisome majina mbele ya watu ili wenye deni walipe, maana matanga yametumaliza mfukoni. Nami nilitaka kulisoma, lakini si kwa hilo. Nishaurini.

Mama_wa_Ndakala:
Pole mwanangu. Majina usithubutu! Huyo mwalimu leo ana wakwe, watakuwa wamekaa hapo hapo kwenye viti vya kukodi. Unataka wasikie kwamba 1992 alikopa unga? Kambo wako aliliweka chini ya kitanda, hakulibandika ukutani.

Mzee_wa_Reli:
Pole kwa familia. Baba yako mkubwa umuulize swali moja: atadai kwa pesa gani? Oktoba 1993 zaire milioni 3 za zamani ziligeuzwa kuwa 1 mpya. Mwaka 1998 hizo mpya 100,000 zikawa faranga 1. Piga hesabu: aliyekopa zaire bilioni 300 anadaiwa faranga 1, na faranga 1 leo hupati hata pipi. Ndiyo maana mama yule hakuandika bei. Mshahara ulikuwa unayeyuka kabla hujafika nao nyumbani, meka ikabaki meka. Wenye benki walituzidi suti tu.

Dogo_Kenya:
(Kenya ya hapa Lubumbashi jamani, komuni, si ile nchi.) Mimi nasema karatasi ya baba mkubwa weka kando kabisa. Wewe ni mjukuu, na mjukuu ana utani na kambo wake hata akiwa amelala kwenye sanduku. Funga kitenge chake, kalia kile kiti chake, pimia watu unga kama yeye. Watacheka mpaka walie.

Mama_wa_Ndakala:
Hapo Dogo kasema, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Mzee_wa_Reli:
Ile misalaba ni nini? Waliokufa?

Mtoto_wa_Katuba:
Mzee, nami nilidhani hivyo. Jana usiku nimemuuliza mama mdogo akanicheka. Msalaba ni nyumba iliyokuwa na kilio. Unga wa kilio haudaiwi, aliuandika ili asimruke mtu.

Halafu tukafika ukurasa mmoja wa 1993. Hauna jina. Kaandika "Likasi, stesheni, meka 14", na msalaba. Chini yake tena "Likasi, meka 9", msalaba. Mistari saba. Mama mdogo anakumbuka kambo akipanda lori na gunia, anarudi kesho yake bila neno. Baba mkubwa anasema huo ukurasa nisiuguse, nitafungua kidonda, na kwenye matanga watakuwepo watu wa pande zote.

Mzee_wa_Reli:
Nilikuwepo Likasi. Wakasai, watu wenye asili ya Kasai waliofukuzwa huku Katanga, walilala stesheni wiki nyingi, wengine miezi, wakingoja treni ya kwenda Kasai. Magodoro, masufuria, watoto wenye kikohozi. Wengine waliishia pale pale, hawakupanda. Wapo waliopita wakitazama upande mwingine. Mimi nilikuwa na kazi reli na nilitazama upande mwingine.

Soma huo ukurasa. Kabila la mtu usitaje, hotuba usitoe. Soma mistari saba kama alivyoiandika, kisha kaa.

Dogo_Kenya:
Mzee...

Mama_wa_Ndakala:
Msikilize huyo. Ila baba yako mkubwa mwambie mapema, faraghani, tena kwa heshima. Asije akasikia mbele ya watu.

Mtoto_wa_Katuba:
Nimerudi, imekwisha. Baba mkubwa nilimwambia Ijumaa usiku. Hakukubali, hakukataa, alisimama akaenda kuangalia kuni. Mpaka leo ananijibu kwa neno moja moja.

Kitenge nilifunga. Nilipotia ile konzi ya mwisho wamama wote wakaitikia "ya watoto!" kabla sijafungua mdomo. Jina sikusoma hata moja. Ukurasa wa Likasi nilisoma, sauti ikanikatika mstari wa tano, mama mdogo akamalizia kwa kichwa, bila daftari. Kumbe anaujua wote.

Baadaye watu watatu wakanivuta pembeni kuniuliza kama wamo. Wawili wamo. Wa tatu ni mama jirani, miaka thelathini ukuta kwa ukuta na kambo, na nimetafuta mwanzo mpaka mwisho, hayumo. Nilimwona anavyoumia. Nikamwambia ukurasa wake ndio ule ulioliwa na panya.