Kusaka jeni za chumvi kwa perege chotara: njia ipi ya takwimu?

Kambale_Mkavu: Wakuu, habari za jioni. Nipo masters, nina data ya vinasaba vya chotara wa sato (Oreochromis niloticus) na perege wa Rufiji (O. urolepis). Natafuta jeni za kuvumilia chumvi. Nimeendesha GWAS (kupima alama za DNA moja moja kama zinaendana na tabia) kwenye programu ya GEMMA: nikiweka matriksi ya undugu (jedwali la nani ana undugu na nani), hakuna alama inayovuka mstari wa kizingiti, nikiitoa, kromosomu zote zinawaka. Msimamizi anataka nipime kila kipande cha DNA kimetoka kwa sato au kwa urolepis. Mwenzangu anasema BSLMM (modeli ya GEMMA inayopima alama zote kwa pamoja). Nishike lipi?

Bw_Namba: Mkuu, hiyo ilitegemewa. Urolepis anavumilia chumvi kuliko sato, kwa hiyo kila alama inayotenganisha spishi hizo itaonekana inahusika. Matriksi inazima kelele hizo, ila inaondoka na jeni ya kweli pia. Mimi niko na msimamizi wako. Chotara wa vizazi vichache wana vipande virefu, vipimo huru vinapungua, kizingiti kinalegea. Ila lazima udhibiti asilimia ya jumla ya urolepis kwa kila samaki, la sivyo umerudi kule kule. Na kilele utakachopata kitakuwa kipana, jeni kibao ndani.

MamaBwawa: Mnakimbilia programu, hao chotara ni wa kizazi gani? F1 (chotara wa kizazi cha kwanza) ana nakala moja ya sato na moja ya urolepis kila mahali. Utalinganisha nini na nini? Chora asilimia ya urolepis mlalo, heterozigosi (sehemu zenye nakala moja ya kila spishi) wima. F1 watajazana kwenye ncha ya juu ya pembetatu.

Halafu dhibiti jinsia. Sato ni XY (dume ndiye anaamua jinsia ya watoto), hornorum wa Zanzibar, ndugu wa huyo urolepis wako, ni ZW (jike ndiye anaamua), kwa hiyo jinsia za chotara zinaweza kuvurugika. Mtafiti Hickling aliandika tangu 1960 kuhusu chotara wa Malacca, Malaysia: dume la Zanzibar kwa jike la mossambicus (perege wa Msumbiji), watoto madume watupu.

Kambale_Mkavu: Nimechora. Wachache wako nchani, wengi wameteremka upande wa sato.

MamaBwawa: Hao ni watoto wa chotara waliorudi kuzaa na sato. Vipande vinapimika.

Bw_Namba: BSLMM iendeshe pembeni ujue kama tabia inabebwa na jeni chache au imetawanyika. Sampuli ikiwa ndogo, PGE (sehemu ya athari ya vinasaba inayobebwa na jeni chache kubwa) itakutoka na makadirio mapana, 0 mpaka 1, usiiandikie aya nzima. Marejeo ya urolepis (samaki safi wa kulinganishia) umetoa wapi? Sato wa kupandikizwa ameshasambaa mito mingi Tanzania.

Kambale_Mkavu: Bwawa la mfugaji, Pwani.

MamaBwawa: Eeh! Hao wapime kwanza wenyewe, wasije wakawa nao chotara.