MJADALA: Tenzi za visa kama Fumo Liyongo zigeuzwe nathari kwa ajili ya wanafunzi, au ziachwe kama zilivyo?

Wadau habari za humu. Kuna mwalimu wa Kiswahili huku kwetu kaja na hoja kwamba zile tenzi ndefu za mashujaa, kama Fumo Liyongo wa pwani ya Kenya, zigeuzwe hadithi ya kawaida, watoto wasome kama riwaya, maana Kiamu, ile lahaja ya Lamu, hakiwaingii na mizani (silabi za mstari) wanazihesabu kwa ajili ya mtihani tu halafu basi. Watu kibao wamemuunga mkono. Mimi nakataa, ila si kwa ile sababu ya wazee ya "urithi wetu utapotea", hiyo naona haina mashiko, urithi usio na kazi unaishia kabatini.

Sababu yangu ni kwamba kwenye Liyongo shairi lenyewe linafanya kazi ndani ya kisa. Chukueni huu utenzi wa Muhamadi Kijuma wa Lamu, 1913. Liyongo kafungwa na mfalme wa Pate, kisiwa jirani na Lamu, anangoja kuuawa, chakula kizuri anacholetewa na kijakazi Saada walinzi wanakifakamia wao. Anataka tupa ya kukatia minyororo, sasa atamwambiaje Saada na walinzi wapo pale? Anaimba. Walinzi wanasikia wimbo tu, mama yake akifikishiwa anaelewa, anaoka mikate mizuri na mmoja wa wishwa (pumba), walinzi wanabeba ile mizuri, ule wa wishwa nani ataugombea, unamfikia mfungwa na tupa imo humo humo. Halafu anaomba apigiwe ngoma ya gungu, pembe ya siwa na matoazi na watu wanaitikia kwa nguvu, na kelele zile ndizo zinazofunika mlio wa tupa ikikata chuma. Yaani mtu katoka gerezani kwa shairi! Sasa wewe niandikie kwa nathari "aliimba wimbo wenye ujumbe wa siri", mtoto kasikia nini hapo?

Na mizani haipo pale kama pambo. Ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani 8, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja na cha nne kinarudi kwenye -ya, hivyo hivyo beti 200 na ushee. Ndani ya mizani 32 huna nafasi ya kuzungukazunguka, unasema tendo unasonga. Ile njama ya kumuua Liyongo kwenye makoma, matunda ya mti jamii ya minazi, wanakula kikoa, kila mtu zamu yake apande mkoma, zamu ya Liyongo ikifika wampige mishale akiwa juu, yeye wala hapandi, anayaangua kwa mishale akiwa chini. Beti chache imeisha. Mwandishi wa nathari angetuletea upepo wa Pate na majani ya mkoma yanavyotikisika kwanza.

Kuna mwenzangu kanibana na mfano wa Ufaransa, na ni mfano mzuri. Mshairi Chrétien de Troyes aliandika kisa cha Lancelot, shujaa wa mfalme Arthur, mwishoni mwa karne ya 12 kwa mistari ya silabi 8 yenye vina viwili viwili, si mbali sana na sisi, halafu karne ya 13 wenzake wakakigeuza nathari na kikasambaa Ulaya nzima. Siwezi kubisha. Lakini wale walikipanua, wakatoa mavitabu makubwa kupita shairi lenyewe. Akitokea mtu wa kuandika riwaya ya Liyongo ya kurasa 500 mimi nanunua wa kwanza. Kinachopendekezwa huku kwetu ni vijikaratasi vya muhtasari, tuwe wakweli jamani.

Shida ya Kiamu ipo, sikatai. Ila mtoto akishaambiwa kwamba Mwamu anasema ndia kwa njia na mato kwa macho, ugumu unapungua sana, yanayobaki yawekewe maelezo pembeni. Na usomwe kwa sauti, tenzi ziliimbwa, mwalimu asiye na sauti achezeshe rekodi kwenye simu. Kumpa mtoto wa kidato cha pili ukurasa akae nao kimya halafu ukashangaa haupendi, hapo kosa si la Kijuma.

Sasa nyie wa nathari nijibuni hili moja, huo wimbo wa gerezani mtaufanyaje? Mkisema mtauacha ubaki shairi katikati ya hadithi, basi nusu ya hoja yangu mmeshaikubali, tubishane hiyo iliyobaki.