Wakuu, nataka kuacha lori la Kongo nikae na wanangu. Nipeni mawazo

Honi ya Uyole:
Habari za jioni wakuu. Nina miaka 41, mke na watoto watatu, nyumbani Uyole, Mbeya. Mwaka wa 14 huu nashika usukani, na wa 9 tangu nianze njia ya Kongo. Napakia salfa Dar, napita Tunduma, Nakonde, Kapiri Mposhi, mpaka wa Kasumbalesa, nashusha Likasi au Kolwezi, narudi na shaba. Mambo yakinyooka safari ni wiki tatu. Foleni ya Kasumbalesa ikigoma, mwezi unakatika.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba barabara kuu inapita mita kama mia mbili tu kutoka mlangoni kwangu. Napita nyumbani kwenda na kurudi, lakini gari lina kifaa, ofisi wanaona umesimama wapi na dakika ngapi. Kwa hiyo nina honi yangu: mbili fupi, moja ndefu. Watoto wanaijua. Wanakimbia mpaka kwenye mtaro, wananipungia, nimeshapita.

Huyu wa kwanza alipozaliwa nilipewa zile siku tatu za kisheria, ya nne niko mizani Makambako. Wa pili nilimkuta ana wiki mbili. Komunyo yake ya kwanza nimeiona kwenye simu.

Sasa wa kwanza yuko darasa la saba, ni winga, na watu wanasema anajua. Mwezi uliopita shule yao ilicheza fainali ya kata ya UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi. Mimi niko Kasumbalesa, siku ya sita kwenye foleni. Mama yake akanitumia video ya sekunde arobaini. Dogo anafunga, anakimbia mpaka pembeni ya uwanja, anamrukia jirani yetu mwenye duka, ambaye mwanawe yuko timu hiyohiyo. Jirani anapiga kelele, "Mwanangu huyo!" Ni mtu mwema kabisa, sina neno naye, na najua ndiye aliyemfunga kamba za njumu nilizonunua mimi. Hiyo video nimeirudia labda mara thelathini. Simtazami dogo, namtazama jirani.

Wiki iliyopita narudi, napita Uyole saa kumi na nusu, nikapiga honi. Wakatoka wadogo wawili. Yeye hakutoka. Na wakati wa kwenda pia hakutoka.

Nina akiba ya milioni 12. Kuna fremu Uyole, nawaza kuuza spea za malori. Pia shule moja binafsi inatafuta dereva wa basi, laki nne kwa mwezi. Huku niliko, mshahara na posho, nikijibana njiani, sikosi milioni na laki mbili. Mke anasema "uamuzi ni wako", na wenye ndoa mnajua uzito wa kauli hiyo. Nawasilisha. Matusi sihitaji, ya mpakani yananitosha.

Mzee wa Kitonga:
Pole mdogo wangu. Mimi niliacha gari nikafungua duka hilohilo unalolitaka. Nilidhani kwa kuwa nazijua spea, basi naijua na biashara yake. Wapi! Milioni 9 zikalala kwenye shelfu: bushi, lainingi za breki, filta za magari ambayo barabarani hayapo tena. Na wateja wangu walikuwa nani? Madereva wenzangu. "Mzee niandikie, nikirudi Kongo nakulipa." Wengine hawajarudi mpaka leo. Mwezi wa nane nikafunga. Daftari la madeni bado ninalo, mjukuu wangu anachoreamo ng'ombe.

Kama ni kuacha Kongo, acha Kongo, usiache gari. Omba kuhamia gari za ndani. Saruji inatoka hapo hapo Songwe, mchele unatoka Kyela na Mbarali. Hela inapungua, lakini Jumapili unakula kwako.

Kijiwe Nongwa:
Swali dogo tu mkuu. Dogo asipotoka kuwa Samatta, utamdai milioni 12 zako?

Honi ya Uyole:
Hahaha, umenipata. Ukweli ni kwamba Lubumbashi kuna siku nilipita Kamalondo nikauona uwanja wa Mazembe, nikampigia simu dogo hapohapo. Nikamweleza kijana wa Mbagala alivyotoka Simba mwaka 2011 akaja kucheza hapa, 2015 wakabeba ubingwa wa Afrika, kisha akaenda Genk ya Ubelgiji. Dogo akaniuliza, "Kwa hiyo alipita njia yako?" Nikamwambia hapana, huyo alipanda ndege. Lakini sitaki kuacha kazi kwa sababu ya Samatta. Nataka siku moja nimuone anacheza, basi.

Karani wa Mishahara:
Mkuu, usiandike barua ukiwa na hasira na foleni. Kwa anayelipwa kwa mwezi notisi ni siku 28. Ukiondoka mwenyewe, yale malipo ya siku 7 kwa kila mwaka wa kazi hayakuhusu, hayo ni ya aliyeachishwa na mwajiri. Fao la kukosa ajira la NSSF nalo halimlipi aliyejiuzulu. Hakikisha wanakupa cheti cha utumishi. Na hilo basi la shule: leseni ya lori ni daraja E, haikuruhusu kubeba abiria. Basi ni daraja C, na watakudai cheti cha kozi ya PSV, yaani magari ya abiria. Hizo gharama umezipiga?

Halafu swali moja. Sheria inakupa siku 28 za likizo kila mwaka. Mara ya mwisho umezichukua lini?

Honi ya Uyole:
Huwa nachukua hela, naendelea na gari.

Karani wa Mishahara:
Kwa miaka mingapi?

Honi ya Uyole:
Tangu nianze Kongo.

Mama Wawili:
Shemeji, naomba nikwambie kama mke wa dereva, usinichukie. 28 mara 9 ni siku 252. Siku hizo ulikuwa nazo mkononi, ukaziuza mwenyewe, kisha usiku unamkodolea macho jirani kwenye simu. Huyo hakukuibia mtoto, kakushikia tu.

Najua hela zilikuwa za ada na bati, siyo za starehe. Lakini hili la "uamuzi ni wako" usilipite juu juu. Wa kwangu aliacha gari ghafla, akarudi nyumbani na mabegi yote. Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko miaka yote ya kumsubiri. Mimi na wanangu tulikuwa na utaratibu wetu, nani anachota maji, nani anaoga kwanza, yeye akataka kupanga upya kila kitu kama anapanga mzigo kwenye tela. Kaa na mkeo, zima simu, muulize nyumba inaendaje usipokuwepo. Utashangaa.

Ticha wa Michezo:
Nimepeleka timu za shule kwenye mashindano haya miaka mingi. Mzazi anayekuja mara moja kwa mwaka ndiye mwenye kelele kuliko wote. Anataka kulipia siku zote alizokosa ndani ya dakika sitini, na mtoto anacheza huku anatazama pembeni badala ya kutazama mpira.

Ukiacha kazi, usimwambie umeacha kwa ajili yake. Huo mzigo hauwezi, ana miaka 12 au 13. Na ujue ngazi ya wilaya anakutana na watoto wa kata nyingine, anaweza kukaa benchi na siyo uonevu. Mwezi wa tisa ana mtihani wa kumaliza shule pia, na huko hakuna winga. Ila nashangaa kitu kimoja. Umetuuliza sisi wote humu. Yeye umemuuliza?

Honi ya Uyole:
Bado.

Honi ya Uyole (MREJESHO):
Wakuu, wiki tatu zimepita. Safari hii sikuchukua hela. Nimeomba likizo, siku 28 kamili. Bosi alicheka, akadhani natania, kisha akasaini. Fremu nimeiacha. Nimepeleka barua ya kuomba gari za ndani, wamesema nafasi ikipatikana, mshahara na posho vitashuka kama laki nne. Mke nimekaa naye, mengine ni ya ndani, ila kumbe ada ya binti mwaka jana alilipa kwa mandazi na mimi sikujua.

Dogo nilimuuliza jioni tunakamua ng'ombe. Mbona siku hizi hutoki nikipiga honi? Akanitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu. "Saa kumi na nusu si tunakuwa mazoezini? Tunaisikia hukohuko. Ticha anasema, baba yako huyo, tunapunga mkono timu nzima."

Uwanja wao uko nyuma ya migomba, kutoka barabarani hauonekani. Timu nzima imekuwa ikinipungia na mimi nakanyaga mafuta huku nimenuna.

Mechi ya wilaya nimeiona. Alianzia benchi, akaingia dakika kumi za mwisho, akapoteza mpira mara mbili, wakafungwa moja bila. Nilisimama pembeni na jirani.

Kijiwe Nongwa:
Ulipiga kelele?

Honi ya Uyole:
Nilikatazwa tangu asubuhi. Jirani ndiye aliyepiga, za kwake na za kwangu.