Bawa la mbele linalopinda: wizi au ufundi?

Mwenye mada, Bel-Air, Lubumbashi

Siku hizi mbio za Formula 1 zikiisha, sisi hatubishani tena juu ya nani kashinda. Tunabishana juu ya bawa la mbele, na kwetu ubishi huo umegoma kuisha, ndiyo maana nauleta hapa. Je, FIA, chama kinachosimamia mbio hizo, inafanya vema kuyabana mabawa yanayopinda, au inawaadhibu watu kwa kuijua kazi yao?

Kwa asiyefuatilia: bawa la mbele ndilo linalokutana na hewa kabla ya kitu kingine chochote. Linazikandamiza tairi za mbele chini, tena ndilo linaloamua hewa izizungukeje tairi hizo na iingieje chini ya gari. Sasa, mwendo ukiwa mara mbili, mkandamizo unakuwa mara nne. Ukilipanga gari lishike vizuri kona ya polepole, kwenye kona ya kasi pua inashika mno na mkia unataka kukutangulia. Mafundi wakatafuta dawa: tabaka za nyuzi za kaboni zinapangwa kwa namna ambayo bawa likisukumwa sana na hewa, linalala kidogo. Polepole linasimama, kasi ikipanda linainama, mbele panapungua mkandamizo, mkia unatulia. Hakuna mota wala waya. Anayeuita huo wizi anionyeshe sheria iliyovunjwa, maana mabawa hayo yalipita kipimo.

Na kipimo chenyewe, hadi msimu wa 2025, kilikuwa hiki: gari limesimama, bawa linabebeshwa kilo 100 pande zote mbili, halafu wanapima limeshuka milimita ngapi. Ruhusa ilikuwa 15. Kuanzia mbio za Uhispania 2025 ikawa 10. Wengi walisema hapo timu ya McLaren wamekwisha. Dereva wao Piastri akashinda palepale Barcelona, mwenzake Norris akawa wa pili, na msimu ulipoisha mataji yote mawili, la madereva na la timu, yalikuwa yao. Kilichobadilika ni nini?

Fundi wa Katuba

Mwanangu, umeeleza vizuri ila umeruka jambo. Sheria inataka vipande vya motokari vinavyoguswa na hewa vifungwe imara, visichezecheze. Kipimo kinaisaidia sheria, hakiwi sheria. Abu Dhabi 2014 Vettel na Ricciardo, madereva wa timu ya Red Bull, walifutiwa muda wao wote wa kupanga nafasi kwa sababu vibao vya bawa la mbele vilikuwa vinapinda, wakaanza mbio kutoka nyuma kabisa. Kwa hiyo usituambie hakuna sheria.

Halafu kuna roho za watu. Mwaka 1969 kule Montjuïc, Uhispania, magari mawili ya timu ya Lotus yalivunjika mabawa ya nyuma yaliyoinuliwa juu katika mbio moja, la dereva Graham Hill kisha la Rindt. Mbio zilizofuata, Monaco, mabawa hayo ya juu yakapigwa marufuku. Na Imola, Italia, tarehe 30 Aprili 1994, dereva Ratzenberger alikufa baada ya bawa lake la mbele kukatika katika mwendo mkali. Mimi nimezeeka nikifunga bolti. Kitu kinachopinda kila kona, iko siku kitachoka.

Mwenye mada

Papa, kwa heshima zote, bawa la Ratzenberger lilikuwa limeumia alipotoka nje ya njia mzunguko uliotangulia. Halikuundwa lipinde. Na kupinda siyo kuchoka: kaa dirishani ndege ikiondoka Luano, tazama ncha ya bawa inavyopanda. Lingekuwa gumu kama reli ningeshuka mimi.

Mwanafunzi, Polytechnique

Yaya, wote wawili mmeiacha pesa. Timu zina kikomo cha matumizi, halafu katikati ya msimu unawaambia watengeneze mabawa mapya. Dereva Hamilton mwenyewe alilalamika kule Barcelona kwamba ni kupoteza pesa bure, na mabawa bado yanapinda.

Ila kinachonishangaza zaidi ni kanuni za 2026. Bawa la mbele limepunguzwa upana kwa milimita 100, na vibao vyake sasa vinaruhusiwa kulala kwenye sehemu zilizonyooka, pamoja na bawa la nyuma. Yaani lile lililokuwa dhambi likifanywa na hewa limekuwa halali likifanywa kwa mtambo! Mimi huwa najaribu maumbo ya mabawa kwenye kompyuta kwa OpenFOAM, ambayo ni programu ya bure. Umeme ukikatika usiku, hesabu inaanza upya. Hata hivyo unaona wazi: geuza kibao digrii chache tu, na hewa yote inayoenda chini ya gari inabadilika. Nani ataizuia timu isiitafute faida hiyo?

Mtazamaji, Kamalondo

Mimi hizo milimita hazinihusu. Nataka magari yapitane. Mwaka 2022 walirahisisha bawa ili gari la nyuma lisisumbuliwe na hewa chafu, yaani iliyovurugwa na gari la mbele, na miaka ya mwisho ya kanuni zile kukaribiana kukawa kazi tena. Pambaneni na hilo kwanza.

Fundi wa Katuba

Mwanafunzi, umenijibia bila kujua. Mtambo wa 2026 umeandikwa, kila timu inao, na kila mtu anajua unafungua wapi. Ule wa kupinda kimyakimya anaujua aliyeuficha ndani ya kaboni. Hiyo ndiyo tofauti, wala siyo ndogo.

Mwenye mada

Haya Papa, hapo nakupa nusu. Basi waache kupima gari likiwa limesimama. Mwaka 2024 FIA ilishaanza kuweka kamera za kutazama mabawa wakati wa mazoezi. Waandike: kwa mwendo fulani, bawa lisishuke zaidi ya hapa, na ushahidi ni picha. Anayepita hapo amekosa, na anayebaki ndani aachwe na akili yake.

Fundi wa Katuba

Na mvua ya Spa, kule Ubelgiji, ikiichafua hiyo kamera, utamhukumu nani?