Offenbach kwa selo: duo, Les larmes de Jacqueline au Concerto militaire, kipi kitangulie?

Nyuzi4
Wakuu, salaam. Mwanafunzi ameshazoea pozisheni ya kwanza hadi ya nne (mahali pa mkono wa kushoto kwenye shingo ya ala), sasa anataka kumwingia mtunzi Jacques Offenbach. Yapo mambo matatu mezani: duo za selo (fidla kubwa inayopigwa ukiwa umekaa) mbili, Les larmes de Jacqueline (op. 76 na. 2) ya selo na piano, na Concerto militaire. Kipi kitangulie, na kila kimoja kinasumbua wapi?

Mama Upinde
Duo, bila kusita. Opus (namba ya kazi) 49 hadi 54 alizipanga kama kozi: 49 ni ya anayeanza, 54 inadai mkono wa mtu wa jukwaani. Ugumu wa kwanza ni pale sauti mbili zinapokwenda sambamba kama do na mi, hapo kasoro ndogo ya kidole inasikika hadi nyuma ya ukumbi. Anayepiga sauti ya chini aishike noti bila vibrato (kutikisa kidole ili sauti itetemeke), wa juu aingie polepole na ndiye arekebishe. Wa chini asihame kumfuata, maana wote wawili wakihama mtapoteza usahihi wa sauti. Vibrato irudi mwisho.

Mzee wa Noti
Naongeza kwa nini duo zinaimbika vile. Offenbach alizaliwa Köln, Ujerumani, 1819, baba yake akiwa mwimbishaji wa sinagogi. Mwaka 1833 akapelekwa Paris, akakubaliwa Conservatoire (chuo cha muziki) akiwa na miaka 14 ingawa sheria iliwabana wageni. Alikaa mwaka mmoja hivi tu, akatoka, akawa mpiga selo wa okestra ya Opéra-Comique, jumba la opera la Paris. Kila jioni alikuwa chini ya jukwaa akisikiliza waimbaji. Jina lake mwenyewe alilijenga kwenye sebule za matajiri, ambako kipande kirefu hakikuwa na soko. Msimwone mtunzi wa operesheni za kuchekesha aliyegusa selo kidogo, la hasha: selo ilimlisha kwa miaka mingi kabla hajafungua Bouffes-Parisiens, ukumbi wake wa maonyesho, Julai 1855.

Kamba_ya_La
Mzee, ni opereta (michezo mepesi ya kuimba), siyo operesheni 🙂 Mengine yote naafiki.

Mimi ningeanza na Les larmes. Vidole haviteswi sana, kazi iko kwenye upinde. Wengi humwaga nusu ya upinde mwanzoni mwa noti ndefu, wakifika kilele cha sentensi hakuna kilichobaki, wanabana na sauti inakwaruza. Weka alama kwa penseli: robo ya upinde kwa mwanzo wa noti, akiba yote kwa mwisho. Na mkono wa kushoto unapohama, punguza uzito wa upinde, la sivyo mtelezo utasikika kama kilio cha kulazimisha.

Mama Upinde
Hilo la akiba ni kweli, ila mwanafunzi akipiga peke yake hasikii kama sauti yake imeporomoka. Duo inamwambia papo hapo.

SoloG
Concerto militaire iacheni kwanza. Ni ya 1847, G meja, na ikipigwa nzima inapita dakika 40. Kidole gumba kinakaa juu ya nyuzi kwa muda mrefu, na mbio zake hazisamehi. Kuna tatizo la karatasi pia: kazi haikuachwa kama kitabu kimoja kilichokamilika. Jean-Max Clément aliijenga upya, baadaye Jean-Christophe Keck akaandaa toleo jingine kutokana na maandishi ya mtunzi. Matoleo hayo hayalingani. Kabla ya kukodi karatasi za okestra, hakikisheni zinatoka toleo lile lile la karatasi ya mpiga solo.

Nyuzi4
Shukrani. Basi ni op. 49, kisha Les larmes. Nakala za zamani zilizoko IMSLP (maktaba ya noti mtandaoni) zinatosha?

Mama Upinde
Zinatosha, ila chunguza ufunguo wa G (alama mwanzoni mwa mistari inayoonyesha noti ipi iko wapi). Machapisho mengi ya selo ya karne ya 19 huuandika oktavi moja juu ya sauti halisi. Ukiona mstari unaruka ghafla mbali na noti iliyotangulia, bila sababu ya kimuziki, shusha oktavi moja uone kama unaungana.